Jinsi ya kutambua king'ora cha zamani cha zimamoto, huku vijijini Marekani

Jumatano ya kwanza ya mwezi nilimzungusha dogo mmoja tunayefanya naye kazi hapa Minnesota, alikuwa anataka kuanza kuwinda ving'ora (kuvitafuta, kuvirekodi na kujua ni vya aina gani), nikaona bora niandike kabisa manake maswali ni yaleyale.

Hatua ya 1: ramani. Fungua Street View (picha za barabarani za Google Maps), tafuta kituo cha zimamoto cha kimji chochote kidogo, angalia paa, nguzo ya nyuma na karibu na tangi la maji. Cheki na picha za miaka tofauti. Kama kwenye picha ya zamani kipo na kwenye ya juzi hakipo, kimeshushwa hicho, usichome mafuta.

Hatua ya 2: piga hodi. Wengi ni wa kujitolea na wanakipenda king'ora chao kuliko wewe.

Hatua ya 3: saa. Huku majaribio ni Jumatano ya kwanza saa saba mchana, Illinois ni Jumanne ya kwanza saa nne asubuhi, na kuna vimji bado vinapiga kila siku saa sita kamili mchana. Wingu likiwa zito la ukweli wanaahirisha, watu wasidhani ni kimbunga. Simama mbali na uzibe masikio, usijifanye mgumu. Kile king'ora cha Chrysler cha 1952, chenye injini ya gari ya V8, ilikuwa inatoa desibeli 138 ukiwa mita 30!

Hatua ya 4: macho. Honi moja kubwa yenye mdomo wa mraba inayozunguka juu ya nguzo, na bomba linashuka mpaka kwenye boksi la kusukuma hewa, hiyo ni Thunderbolt ya kampuni ya Federal. Ila macho yanaishia hapo, manake Thunderbolt modeli 1000 ina mlio mmoja na modeli 1000T ina miwili, na ukiziangalia toka chini ni mapacha.

Hatua ya 5: mlio. Hapa ndo nilipopoteza jioni mbili za maisha yangu kwa hiyo soma polepole. Ndani kuna rota inazunguka kwenye stata (gamba lililotulia), zote zina madirisha, yakikutana hewa inatoka kwa mkupuo, na mikupuo hiyo ndo mlio. Hesabu yake rahisi: mizunguko kwa sekunde mara idadi ya madirisha. Mota nyingi za ving'ora vya umeme huku zinakimbia kama 3450 kwa dakika, gawa kwa 60 unapata 57.5, kwa hiyo madirisha 12 yanakupa hezi 690, 10 yanakupa 575, 8 yanakupa 460. Rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa), ingiza Audacity (programu ya sauti ya kompyuta), fungua spektrogramu (picha ya hezi za sauti), soma mstari wa chini kabisa (kwa king'ora cha mlio mmoja, ya juu yake ni vivuli tu, usiisome). Na voisi noti ya WhatsApp usiniletee, inakatakata sauti sipendi hata kuiona.

Sasa mtego wenyewe. Mimi nilirekodi king'ora kikipandisha na kushusha, wuuu-wuuu ile ya kuita watu kwenye moto, nikasoma kileleni 575, nikaandika kwa kujiamini madirisha 10, nikabishana na watu siku mbili nzima, halafu mzee wa kituoni akanifungulia, tukahesabu kwa kidole, 12! Kumbe kikipigwa kwa kupanda na kushuka mota inazimwa kabla haijafika spidi yake kamili, kwa hiyo mlio unakuwa mnene kuliko ukweli. Subiri mlio ulionyooka, usiopanda wala kushuka, na soma katikati yake, sio wakati kinaanza au kinajifia.

Kama kina milio miwili una bahati, gawa hezi za mlio wa juu kwa hezi za mlio wa chini na wala spidi haikuhusu, manake rota zote ziko kwenye mota moja zinapanda na kushuka pamoja. Ukipata 1.2 ni 10 na 12 (au 5 na 6, uwiano ni uleule), ukipata 1.5 ni 8 na 12. Mimi siku hizi naanzia na uwiano kila mara, kasoro vya mlio mmoja.

Hatua ya 6: kibati. Ukiruhusiwa kupanda, mwenyeji azime umeme kwenye swichi kubwa kwanza na ufunguo abaki nao, manake vingi vinawashwa kwa redio kutoka mbali na aliyeko huko hajui kama kichwa chako kiko pale. Piga picha kibati cha kiwandani: modeli, namba, hozipawa, fezi. Kama kimepakwa rangi juu usikwangue, mulika tochi kwa ubavu, herufi zilizogongwa zitajitokeza.