Kuchagua saa ya otomatiki kali bila kupigwa

Wakuu kabla hujatoa hela ya saa ya otomatiki, ile isiyo na betri inayojikaza yenyewe ukitembea, anza na mkono wako, sio jina lililoandikwa usoni. Zungusha uzi pale unapovaa saa alafu uulaze kwenye rula, ukipata sentimita 16 au 17 basi saa yenye upana wa milimita 38 mpaka 40 inakutosha kabisa, yale madude ya 44 yanatokeza nje ya mkono na hayaingii kwenye mkono wa shati. Na Arusha mwezi wa sita wa saba unavaa shati, sweta, koti juu, kwahiyo cheki na unene, saa ya suti mimi sitaki izidi milimita 12.

Sasa mashine, hapa ndo tunapigwa. Mimi nilinunua moja mtaani kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, usoni imeandikwa Automatic kubwa tu, nimefika home kumetulia nikaiangalia, mshale wa sekunde unaruka tik, unasimama, tik, mara moja kila sekunde, hiyo ni ya betri! Iliniuma sana. Otomatiki ndani ina chuma kama nusu duara kinachozunguka ukitembea, ndo kinakaza springi, na mshale wake unateleza kwa sababu unapiga mara 6 au 8 kwa sekunde. Ila kuteleza peke yake hakutoshi, feki za siku hizi nazo zina otomatiki, mwambie muuzaji mwende wote kwa fundi saa afungue mfuniko mbele yenu, akianza kuzunguka zunguka achana nae.

Kioo chukua safaya, kile kigumu kisichochorwa kirahisi, watu wa mawe ya vito hapa Arusha wanajua ugumu wake, vumbi letu linachora kioo cha kawaida ndani ya miezi. Maji, ikiandikwa mita 30 usiogelee nayo, hiyo ni ya kunawa tu.

Bajeti ikiwa ya kawaida Seiko na Orient ziko vizuri, ukipanda kuna Tissot yenye mashine inayoitwa Powermatic 80, inatembea masaa 80 bila kuvaliwa, yani unaivua ijumaa jioni jumatatu asubuhi bado iko hai. Juu zaidi ni Longines, Omega, huko omba karatasi zake zote na ulinganishe namba za kwenye karatasi na za kwenye saa.

Ukishaipata, usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno ya tarehe yanakuwa yameshikana utayavunja. Shusha kwanza mishale yote miwili ielekee chini ndo uguse tarehe.