Kufufua Peugeot 504 nyumbani: mpangilio wa kazi hatua kwa hatua

Gari langu ni 504 saluni ya lita 2, namba yake ya usajili ni ya zamani, ya kabla ya zile za KAA. Nililitoa Molo, kwenye banda la kuku, lilikokuwa limesimama miaka 11. Leo linaenda Njoro na kurudi bila shida. Kazi yote nimeifanyia kwenye gereji ya mabati nyuma ya nyumba yangu hapa Lanet, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa miaka miwili na ushee. Katika muda huo nimeona magari manne ya wenzetu yakiuzwa vyuma kwa kilo, na hakuna hata moja lililouawa na kutu. Kila mara mwenye gari alifungua kila kitu kwa wakati mmoja, akapiga rangi milango miwili, pesa ikakatika, skrubu zikapotea, mke akataka nafasi yake ya kuanikia nguo. Ndiyo maana somo hili linasisitiza mpangilio: gari kwanza liwake, kisha lisimame kwa breki, ndipo lipendeze.

Kwa vijana ambao hawakulikuta barabarani: 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikatajwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 Coupé ya V6. Sisi wengine tunaikumbuka zaidi ile ndefu ya abiria, ya Nakuru kwenda Nairobi au Eldoret, magoti yamebanana na magunia yako juu ya kichwa. Ni gari lililojengwa kwa njia mbovu, na bado linaheshimu fundi mvumilivu.

Hatua ya kwanza: karatasi, picha, mikebe

Kabla ya spana yoyote, soma namba ya chasisi na ya injini, uzilinganishe na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Zikitofautiana, simamisha kila kitu mpaka ujue kwa nini. Ukinunua, hamisha umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mara moja, muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.

Halafu piga picha. Kila waya, kila paipu, kila bracket kabla hujaifungua, kutoka mbali na kutoka karibu. Skrubu na nati zangu niliziweka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, kila mkebe na kipande cha seloteipu kilichoandikwa: "mlango wa kushoto, bawaba ya juu". Usiandike "mlango" peke yake. Baada ya mwaka mmoja neno hilo halikusaidii.

Hatua ya pili: kuamsha injini bila kuiumiza

Usifunge betri na kupiga starta. Injini iliyolala miaka mingi ina kutu nyembamba kwenye kuta za silinda, na ukiilazimisha ringi za pistoni zinakwaruza. Toa plagi zote nne, mimina vijiko viwili vya oili kwenye kila tundu, acha usiku kucha. Siku ya pili zungusha kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, taratibu. Ikikataa, ongeza oili na usubiri tena. Yangu ilikubali siku ya nne.

Badilisha oili na filta. Tangi usiliguse bado. Petroli iliyokaa humo imegeuka gundi. Tumia jerikeni ndogo na paipu safi hadi kwenye pampu. Safisha kabureta, badilisha pointi na kondensa zilizo ndani ya distribyuta, kisha fuata mpangilio wa silinda kupata cheche: 1-3-4-2. Hapa wengi hupotea, kwa sababu Peugeot wanahesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili. Namba 1 iko nyuma, karibu na giaboksi, si mbele kwenye radieta kama kwenye Toyota au Datsun. Ukizifunga waya kwa mazoea ya Toyota, injini itakohoa na kutema moto kwenye kabureta, nawe utaanza kulaumu kabureta isiyo na hatia.

Kumbuka pia urefu wa mahali ulipo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa Mombasa itakuwa inameza petroli nyingi hapa. Endesha kilomita 20, toa plagi uangalie ncha. Rangi ya kahawia hafifu, kama karanga iliyokaangwa, ndiyo unayoitaka. Masizi meusi makavu yanakuambia petroli imezidi.

Hatua ya tatu: ukilazimika kufungua silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda)

Sehemu hii naiandika polepole kwa sababu ilinigharimu miezi mitatu.

Injini ya 504 ina slivu zinazotoka, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Hazikuchongwa ndani ya bloku; zimesimama ndani yake, maji yanazizunguka moja kwa moja, na chini zimekalia sili nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye oili. Kinachozikandamiza chini ni silinda hedi yenyewe. Siku ile niliitoa hedi, nikafurahi kuona pistoni safi, nikamwambia mpwa wangu azungushe injini kidogo nione silinda ya tatu. Pistoni ilipopanda, slivu ilipanda nayo, labda unene wa ukucha, ikarudi. Nilidhani ni macho yangu. Nikafunga kila kitu, gasketi mpya, nikawasha, ikanguruma vizuri. Siku ya tatu nilivuta kijiti cha kupimia oili kikatoka na rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Ilibidi injini ishuke yote. Basi sikiliza: ukishatoa hedi, kabla hujazungusha chochote, zikandamize slivu. Chukua bolti ndefu zinazoingia kwenye matundu ya bolti za hedi, vipande vifupi vya bomba na washa pana zinazokanyaga ukingo wa slivu, uzikaze kiasi. Ni kazi ya dakika 20. Na ukirudisha hedi, kaza bolti kuanzia katikati ukielekea pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Kama huna, azima.

Hatua ya nne: breki, kabla ya gari kutoka getini

Inua gari kwa jeki, kisha likalishe kwenye stendi za chuma. Matofali hapana, hata kwa dakika tano. Tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Paipu za mpira za breki badilisha zote, hata zikionekana nzima. Kwa nje zinang'aa, ndani zimevimba na kuziba, na gari linavuta upande mmoja au breki inakataa kuachia. Masta silinda na wili silinda weka mpira mpya. Kama ukuta wa ndani una vishimo vya kutu, mpira mpya hautasaidia, nunua nyingine. Vumbi la shuu za zamani usilipulize kwa kompresa, kwa maana nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

Hatua ya tano: kutu, na pipa la molasi

Chukua bisibisi ugongegonge kingo za chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, sehemu inayokalia betri na matao ya magurudumu. Inapopenya, hapo hapana chuma. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha weka bati jipya na uchomelee. Kabla ya kuchomelea ondoa betri, na tangi la petroli litoke nje ya gereji kabisa. Ukikata ukingo wa chini ya mlango, chomelea kwanza nondo ya muda kutoka nguzo hadi nguzo, la sivyo bodi italegea na mlango hautafunga tena. Fila, ile pasta inayopakwa na kukauka juu ya bati, ni ya kusawazisha mawimbi madogo tu, isizidi milimita 3. Gari lililojazwa fila kama chapati litapasuka rangi mwaka huohuo.

Kwa vipande vidogo sina dawa ninayoipenda kama molasi. Ni hiihii tunayowapa ng'ombe, inayotoka kwenye viwanda vya sukari vya huko Chemelil na Muhoroni. Kipimo kimoja cha molasi, vipimo tisa vya maji, kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Nilizamisha bawaba, bracket za bampa na sahani za kiti kwa siku 14. Ukiinua kifuniko harufu inakupiga, juu kuna povu la kahawia, unaingiza mkono wenye glavu na kutoa bawaba iliyofunikwa na utelezi mweusi. Unaipiga maji ya bomba na brashi, na chini yake kinatokea chuma cha kijivu kisichong'aa, pamoja na namba ndogo za kiwanda ambazo hukujua zipo. Kausha palepale na upake praima, kwa sababu chuma kilichovuliwa namna hiyo kinashika kutu tena ndani ya saa moja. Aluminiamu usiitie humo, inaliwa. Kabureta na silinda hedi zikae mbali na pipa.

Hatua ya sita: rangi

Hapa sitakaa sana. Fundi wa rangi mzuri ana jicho ambalo mimi sina, na nilimlipa. Ninachojua ni kwamba Januari upepo wa Nakuru unainuka baada ya saa sita mchana ukileta vumbi, kwa hiyo tulipiga alfajiri, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Rangi za kuchanganya na hadna (dawa ya kuzigandisha) zina sumu ya kuumiza mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vaa barakoa yenye filta za kemikali.

Hatua ya saba: mabadiliko ninayoyakubali

Kanuni yangu ni kwamba kila ninachoongeza kiweze kuondolewa bila kuacha tundu kwenye bodi. Niliweka relei (swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme) za taa za mbele, kwa sababu umeme wote wa taa ulikuwa unapita kwenye swichi ya zamani na kuichoma. Taa zimeongezeka mwanga bila balbu mpya. Niliweka cheche za elektroniki ndani ya distribyuta ya asili, pointi nimezihifadhi kwenye mkebe. Nikaweka mikanda ya usalama nyuma. Kushusha gari chini sikushauri kabisa. 504 ilitengenezwa kwa springi ndefu na laini, na ndizo zinazoifanya itembee kwenye barabara zetu.

Maswali ya wenzetu wanaofufua magari ya zamani

*Kutoka Kisumu:* Mwalimu, 504 yangu inachemka kwenye foleni ya Kondele saa kumi jioni. Fundi anataka kutoa feni aweke ya umeme. Nikubali?

Bado, ndugu yangu. Feni ya 504 yenyewe ina sumaku ya umeme ndani: maji yakipata joto, swichi inapeleka umeme, sumaku inashika, feni inazunguka na puli. Yakipoa inaachia. Mara nyingi kinachoharibika ni kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo, au waya wake umekatwa na fundi aliyepita. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, peleka umeme moja kwa moja kwenye waya wa feni. Ukisikia "tak", sumaku ni nzima na tatizo ni swichi au radieta iliyoziba.

*Kutoka Eldoret:* Kaka, nina injini ya Toyota ya lita 2 imekaa tu. Itaingia?

Kuingia itaingia. Shida iko nyuma yake. Propela shafti ya 504, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma, imefichwa ndani ya bomba lililofungwa kutoka giaboksi hadi difu (gia za katikati ya magurudumu ya nyuma), si shafti ya wazi. Ukibadilisha injini na giaboksi, itabidi utengenezewe sehemu hiyo yote na kushikilia difu upya, na fundi wa kuifanya sawasawa ni wachache. Isitoshe lazima namba ya injini mpya iingie kwenye kumbukumbu za NTSA na bima ijulishwe. Pesa hiyo inatosha kutengeneza injini ya asili vizuri.

*Kutoka Kakamega:* Nilisikia magari haya yanataka petroli yenye madini ya risasi, ambayo haipo tena. Nifanyeje?

Petroli yenye risasi iliondoka Kenya kufikia 2006. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, na viti vya valvu ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa, kwa hiyo inavumilia petroli isiyo na risasi. Pima nafasi za valvu kila baada ya kilomita 5,000 kwa mwaka wa kwanza. Nafasi isipopungua, endelea na petroli ya kawaida bila kununua dawa za chupa.

*Kutoka Njoro:* Mimi ni mama wa watoto watatu na gari ni la marehemu baba yangu. Sina gereji, nina kivuli cha mti. Nianzie wapi?

Pole kwa baba, dada. Anza na hatua ya pili na ya nne tu, hata chini ya mti. Weka turubai nzito juu na mawe chini ya magurudumu. Gari likishawaka na kusimama, unaweza kulipeleka kwa fundi wa bodi kwa magurudumu yake, bila kulipia lori la kulivuta, na ukalirudisha nyumbani pesa ikipungua. Milango usiitoe.

*Kutoka Bungoma:* Kuna pikapu ya 504 kwenye boma, bodi nzima, bei nzuri, lakini logibuku imepotea na mzee mwenyewe alishafariki.

Usitoe hata shilingi ya amana. Nakala mpya huombwa na aliyeandikishwa, na kama amefariki, ni familia yake ikiwa na hati za mirathi kutoka mahakamani. Waulize watoto wake kama wako tayari kufuata hiyo njia, na uwape muda. Wakikubali, futa vumbi kwenye namba ya chasisi, ipige picha, na mwende nayo pamoja kuithibitisha kabla hamjazungumza bei.