Mkono unakufa ganzi na shingo inakubana? Angalia haya kabla hujatoka Lamu

Kabla hujakata tikiti ya basi la Mombasa, kaa kitako kwanza uangalie ni vidole gani hasa vinavyokufa ganzi. Wengi wetu tukifika kwa daktari tunasema "mkono wote" basi, sasa hapo ataanzia wapi? Shingo ina mifupa 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu, kila mmoja una njia yake ya kushuka mkononi: ganzi ikiwa kwenye gumba na kidole cha shahada mara nyingi ni mshipa wa 6, cha kati ni wa 7 na huo ndio hubanwa zaidi, cha pete na cha mwisho wa 8. Lakini kama unaamshwa usiku ukakung'uta kiganja na shingo yenyewe haina neno, huenda mshipa umebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, na eksirei ya shingo itakula pesa zako bure. Miguu yote miwili ikichomachoma, kapime sukari kwanza, hiyo hapa hapa hospitali ya King Fahd inapimwa.

Jaribu na hili, weka kiganja utosini ukae hivyo kidogo (wazee watakugombeza eti unajitakia msiba, wavumilie tu). Maumivu yakipoa mkono ukiwa juu, dalili inaelekea shingoni.

Kuna ambayo hayangoji safari ya kupanga. Miguu imelegea, unajikwaa kwenye njia unayoijua, vifungo vya kanzu vinakushinda, mkojo unatoka wenyewe, au ganzi imeanza baada ya kuanguka mnazini, hospitali siku hiyo hiyo. Na upande mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukaenda kando na maneno hayatoki vizuri, hicho ni kiharusi, usipoteze muda na habari za shingo.

Kukandwa taratibu sawa, ila kinyozi asikuvunje shingo hata kama anasema amewafanyia watu wote mtaani, kuisokota kwa nguvu kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kichwani.

Dawa zako zote tia mfukoni uende nazo. Metformin ya sukari ikitumika miaka inaweza kushusha vitamini B12, isoniazid ya TB nayo inaleta ganzi ikikosa vitamini B6, kwa hiyo daktari akiziona tu keshapata pa kuulizia.

Njiani sasa. Begi mpe hamali, usilitundike begani, na wakati wa kusi boti la kasi la kwenda Mokowe linapiga mawimbi mpaka shingo inaitikia, bora ile ya taratibu. Kwenye basi kaa mbele, viti vya nyuma vinarusha, na kunja kanga uitie shingoni usije ukasinzia kichwa kinaning'inia mpaka Malindi.

MRI, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku, usiikimbilie. Kama mkono una nguvu na hakuna yale ya hatari, wengi hupata nafuu kwa wiki kadhaa bila upasuaji. Ukiandikiwa, piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi na bima ya afya ya SHA inalipa kiasi gani, waambie kama una chuma mwilini au kifaa cha moyo, na kina mama toeni pini za mtandio, hata zile ndogo za ndani.