Namna ya Kutumia Saa Janja Kufuatilia Fibrilesheni ya Atria na Afya ya Moyo

Fibrilesheni ya atria ni ugonjwa wa mapigo ya moyo ambao, hasa katika miaka yake ya mwanzo, huja na kuondoka, na hapo ndipo ugumu wa kuugundua ulipo. Mgonjwa anaweza kuondoka Kongwa alfajiri, akafika kliniki mjini Dodoma, akapimwa ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, inayorekodi moyo kwa takriban sekunde 10 tu, na karatasi ikaonyesha moyo uliotulia kabisa, ilhali usiku uliotangulia ulimwenda mbio bila mpangilio kwa saa kadhaa. Saa janja ina thamani kwa sababu hiyo: ipo mkononi wakati tatizo linapotokea. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitumia ili rekodi inayopatikana imfae daktari, kwa kuwa saa iliyofungwa ovyo na kutazamwa kila mara humpa mtu hofu nyingi na ushahidi mchache.

Kwanza ni vyema kuelewa kinachotafutwa. Moyo wenye afya hupokea amri ya umeme kutoka sehemu moja iliyo kwenye chumba cha juu cha kulia, na vyumba vya juu, yaani atria, hujikunja kwa pamoja kabla ya vile vya chini. Katika fibrilesheni, amri nyingi hutokea kwa wakati mmoja, atria hutetemeka badala ya kujikunja, na vyumba vya chini hupiga bila utaratibu wowote. Damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo cha atria ya kushoto, na inaweza kuganda. Bonge likichomoka na kufika ubongoni, mtu hupata kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mwenye ugonjwa huu ni karibu mara tano ya asiye nao, na wengi hawahisi dalili yoyote. Wengine huhisi moyo kudunda au kurukaruka, uchovu usioelezeka, kizunguzungu, au kukosa pumzi wanapopanda ngazi.

Shinikizo la damu na umri mkubwa ndiyo mambo yanayoongoza kuleta ugonjwa huu duniani, lakini katika nchi zetu kuna jambo la ziada ambalo miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani hulipitia juu juu, nalo ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo utotoni na baadaye kuharibu vali, yaani milango ya moyo inayopitisha damu. Kwa hiyo mama wa miaka 35 anayechoka haraka na kuhisi moyo ukienda mrama asiambiwe kwamba haya ni maradhi ya wazee.

Saa janja hutumia njia mbili tofauti, na mtumiaji anapaswa kujua ni ipi inayofanya kazi kwa wakati gani. Njia ya kwanza ni mwanga, kwa kawaida wa kijani, unaomulika ngozi kutoka chini ya saa na kupima jinsi damu inavyopita kila pigo. Hufanya kazi yenyewe, hasa mtu anapotulia au kulala, na ikiona mapigo yasiyo na mpangilio mara kadhaa hutoa tahadhari. Njia ya pili ni umeme: unagusa sehemu maalumu ya saa kwa kidole cha mkono wa pili, na saa inarekodi ECG ya njia moja, yaani inayoutazama moyo kutoka upande mmoja tu, kwa sekunde 30. Mwanga hutoa tahadhari tu. Mchoro wa umeme ndio ambao daktari anaweza kuusoma na kuutumia kuthibitisha ugonjwa. Saa isiyo na ECG bado ina faida, lakini kwa mtu mwenye wasiwasi wa fibrilesheni ningeshauri kutafuta yenye njia zote mbili.

Wakati wa kununua kunahitajika uangalifu mkubwa. Apple iliweka ECG katika saa zake kuanzia Series 4 ya mwaka 2018, na kampuni kama Samsung, Fitbit na Withings nazo zina saa zenye uwezo huo, lakini kampuni hizo hufungua kipengele cha ECG nchi kwa nchi kulingana na idhini za mamlaka, hivyo mtu anaweza kununua saa halali na akakuta kipengele hicho hakifunguki. Aidha, saa ya Apple huhitaji iPhone, na ECG ya saa ya Samsung huhitaji simu ya Samsung. Nenda dukani na simu utakayoitumia, iunganishe na saa pale pale, rekodi ECG moja, na ulipe baada ya kuuona mchoro. Muuzaji anayekataa jambo hilo usinunue kwake.

Jihadhari pia na saa za bei ndogo zinazodai kupima kila kitu. Hakuna saa inayoweza kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kuhusu madai hayo Februari 2024. Saa inayodanganya kuhusu sukari sioni sababu ya kuiamini kuhusu moyo.

Baada ya kununua, sajili tarehe sahihi ya kuzaliwa, kwa sababu vipengele vya mapigo vina masharti ya umri. Tahadhari ya mapigo yasiyo na mpangilio ya Apple, kwa mfano, ni kwa wenye miaka 22 na kuendelea. Watoto wanaowaandalia wazazi saa mara nyingi hutumia taarifa zao wenyewe ili kumaliza haraka, na matokeo yake rekodi ya mzee wa miaka 70 inabeba jina na umri wa mtu mwingine. Onyesha pia saa inavaliwa mkono gani. Ifunge juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikibana kiasi cha kutosogea bila kuacha alama nzito. Futa mafuta ya kujipaka mahali saa inapokaa, na safisha sehemu yake ya chini kwa kitambaa laini kila siku, maana vumbi la Dodoma huingia kila mahali. Mchoro wa kudumu kwenye ngozi unaweza kuzuia mwanga. Mwenye nao avae saa mkono wa pili.

Kwa kuwa mwanga husoma vizuri zaidi mwili unapotulia, usingizi ndio wakati wenye taarifa nyingi. Chaji saa jioni, unapooga na kula, kisha uivae kulala. Anayeichaji usiku kucha anapoteza muda bora kabisa wa kipimo, na umeme ukikatika usiku huo huamka na saa isiyo na chaji.

Kurekodi ECG nzuri ni kazi inayojifunzwa. Kaa kwenye kiti, egemea, na pumzika kama dakika tano. Weka mkono wenye saa juu ya meza, ukiwa umelegea, kwa sababu misuli iliyokaza nayo hutoa umeme unaochafua mchoro. Ondoka karibu na friji au waya wa umeme, na usishike simu iliyo kwenye chaji. Mikono iwe safi. Katika miezi ya kipupwe, upepo mkavu unapopasua ngozi, kidole kikavu sana hakipitishi umeme vizuri. Lowesha ncha yake kwa maji kidogo kisha ujaribu tena. Gusa sehemu inayotakiwa bila kuikandamiza, usiongee, usisogee, pumua kawaida, na usubiri sekunde zote 30. Mchoro ukija wenye mawimbi ya ovyo, rudia. Fanya hivyo kila unapohisi dalili, hata ikiwa ni usiku wa manane, kwa sababu rekodi ya wakati wa dalili ina uzito kuliko rekodi nyingi za wakati wa utulivu. Rekodi mara moja, kisha andika dalili ulizohisi katika sehemu ya maelezo. Kupima kila saa bila dalili hakuongezi chochote. Huchosha akili, na wasiwasi wenyewe huongeza mapigo.

Majibu ya saa husomwa kwa makini. “Mapigo ya kawaida” maana yake ni kwamba katika sekunde hizo 30 fibrilesheni haikuonekana. Haimaanishi kwamba moyo hauna tatizo, na saa haiwezi kugundua shambulio la moyo. Jibu lisilo na uamuzi hutokea mara nyingi, pengine kwa sababu ya mapigo ya ziada ambayo watu wengi wenye afya huwa nayo, au kwa sababu moyo unakwenda kasi au polepole kupita mipaka ya programu. Jibu la fibrilesheni, au tahadhari ya mapigo, ni sababu ya kupimwa, siyo hukumu. Katika utafiti wa Apple uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu 419,297 nchini Marekani, waliopata tahadhari walikuwa asilimia 0.52 tu, na kati ya waliovaa kifaa cha kuthibitisha baadaye, fibrilesheni ilionekana kwa asilimia 34. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na ugonjwa wenyewe kuja na kuondoka, lakini funzo kwa mtumiaji ni kwamba asianze dawa, wala kuacha dawa, kwa sababu ya saa.

Kidole chako nacho ni kipimo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa chini ya dole gumba, na uhesabu mapigo kwa dakika nzima huku ukisikiliza mpangilio wake. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100. Ukisikia mapigo yanayokuja bila mpangilio wowote, mengine yakiwa mazito na mengine mepesi, una sababu ya kwenda kituo cha afya hata kama huna saa. Nasema hivi kwa sababu fedha si za kila mtu: familia yenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu kwa ajili ya mzee inunue mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga mkono wa juu. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, huharibu moyo, na huzaa fibrilesheni yenyewe, na saa janja nyingi haziwezi kuipima. Hata zile za Samsung zenye kipengele hicho hutakiwa kulinganishwa na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28.

Ukipata tahadhari na huna dalili kali, rekodi ECG, hifadhi mchoro kutoka kwenye programu ya simu, na uuchapishe kwenye karatasi katika steshenari yoyote, kwa sababu simu hupotea, hufungwa kwa nywila, na daktari hawezi kuiweka kwenye jalada. Pamoja na karatasi hiyo, peleka daftari lenye tarehe, saa, dalili, vipimo vya presha na orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Anza katika kituo kilicho karibu nawe na uombe ECG ya njia 12, inayoutazama moyo kutoka pande nyingi. Ikihitajika utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na wachache huenda hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Tarajia kipimo cha Echo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kinachoonyesha vali, pamoja na vipimo vya damu, sukari na tezi ya shingo. Uamuzi wa kutumia dawa za kuzuia damu kuganda hutegemea hatari yako nzima: umri, presha, kisukari, moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi cha awali, na hali ya vali.

Zipo hali ambazo saa haipaswi kuguswa kabisa. Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea ghafla, maneno yakikwama, kifua kikibana, mtu akizimia au akishindwa kupumua, tafuta usafiri wakati huo huo. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge ubongoni hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Usimpe aspirini nyumbani mwenye dalili za kiharusi, kwa sababu baadhi ya viharusi ni vya kuvuja damu, na ni picha ya kichwa ya CT, inayopigwa hospitalini, inayotofautisha.

Ugonjwa ukishathibitishwa, kazi ya saa inabadilika. Tahadhari ya mapigo ya Apple haikukusudiwa kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huu. Badala yake kuna kipengele cha historia ya fibrilesheni kinachokadiria asilimia ya muda ambao moyo umekuwa katika hali hiyo kila wiki, ikiwa saa inavaliwa angalau saa 12 kwa siku, siku tano za wiki. Ukipungua muda huo baada ya kuanza dawa, kupunguza pombe au kudhibiti presha, daktari anapata jambo la kulifanyia kazi.

Wagonjwa wa vali iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi kwa kawaida hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na hii huhitaji kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwa wengi hulengwa kati ya 2 na 3. Mboga za majani ya kijani zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Katika nyumba za Wagogo ambako mlenda huliwa karibu kila siku, mgonjwa haambiwi auache. Anaombwa ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na amweleze daktari msimu wa mboga unapobadilika ili dozi ipangwe upya. INR haipimwi na saa, lakini saa ina kengele: weka moja ya kila jioni kwa ajili ya kidonge, na nyingine ya siku moja kabla ya tarehe ya kliniki, ili anayetoka Bahi au Mpwapwa apate muda wa kutafuta nauli.