Panga mizizi ya lugha yako ya kubuni kwenye jedwali kabla ya kukariri neno hata moja

Kama unabuni lugha ya mizizi ya konsonanti tatu, yaani konsonanti hubeba maana ya msingi na irabu huigeuza kuwa neno kamili, usitunge neno mojamoja. Chora jedwali: mizizi mitano upande wa kushoto, ruwaza (mipangilio) za irabu juu, ujaze kila kisanduku kisha usome kwa sauti. Mfano wangu: z-g-n ni kupika, p-l-k ni kuvua samaki. Ruwaza ya o-e ni mtendaji, kwa hiyo *zogen* ni mpishi na *polek* mvuvi. Ruwaza ya i-a ni mahali: *izgan* jikoni, *iplak* mahali pa kuvulia samaki.

Sikio letu tayari limezoea mtindo huu kupitia maneno ya Kiarabu. Ondoa irabu ya mwisho ya katibu na hakimu, utasikia katika yote mawili a-i, ruwaza ya mtendaji ya Kiarabu, juu ya k-t-b (kuandika) na h-k-m (kuhukumu). Maktaba na mahakama nazo ni mahali (ile a ya ziada katika mahakama tumeiweka sisi, ulimi wetu haupendi hk). Ndiyo maana ukishajua ruwaza moja, mzizi mpya unakupa maneno kadhaa kwa mpigo.

Mbinu hukwama mzizi ukiwa na w au y, kwa sababu sauti hizo humezwa na irabu jirani. Kauli na makala zote zimetoka q-w-l (kusema; q yake kwetu ni k), lakini w huioni tena. Mizizi ya namna hiyo itengee jedwali lake, na uamue mapema w inageuka nini.