Jinsi ya Kuihoji Postikadi ya Zamani Mpaka Uijue Sehemu Inayoonyeshwa

Mkusanyo wa postikadi hukua haraka kuliko maarifa ya mwenye nao. Unajikuta na kasha lililojaa makanisa, bandari na madaraja, na huwezi kuyasemea neno zaidi ya jina lililochapwa chini ya picha. Mwongozo huu unahusu kazi inayoanza baada ya kuipata kadi: kujua ni wapi, ni lini, na nini kimebadilika tangu hapo.

Shika jambo moja kwanza. Kila kadi iliyotumwa ina tarehe tatu: siku picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapishwa, na siku ilipopita posta. Wachapishaji walizoea kutumia picha ileile kwa miaka mingi, kwa hiyo muhuri wa posta hausemi picha ina umri gani. Unachosema ni kwamba picha ilikwishapigwa kabla ya siku hiyo, basi.

Hatua ya 1: Jiwekee mpaka

Chagua mji mmoja, au aina moja ya kitu: minara ya taa, stesheni za reli, madaraja. Mimi hupendelea sehemu moja ndogo, hata uwanja mmoja wa mji, kwa sababu kadi zake za vipindi mbalimbali huanza kusahihishana zenyewe. Usizikatae zilizoandikwa na kuchakaa. Kwa anayetaka kujifunza, kadi iliyotumwa ina mengi kuliko iliyo safi.

Hatua ya 2: Anza na mgongo wa kadi

Postikadi rasmi ya kwanza ilitolewa na Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha. Picha zilipoingia, sheria za posta za nchi nyingi bado zilitaka mgongo wote uachiwe anwani. Ndiyo maana kadi nyingi za zamani zina salamu zilizobanwa pembezoni mwa picha, au hata juu ya anga yake.

Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1902. Marekani ilifuata tarehe 1 Machi 1907. Kwa hiyo kadi ya Marekani iliyochapwa mstari wa kati ni ya baada ya siku hiyo, hata muuzaji akiapa vipi.

Kisha soma jina la mchapishaji, namba ya mfululizo na nchi ilikochapwa. Usishangae kuona kadi ya nchi ya mbali imechapwa Ujerumani. Kabla ya vita vya 1914 viwanda vyake viliwachapia wachapishaji wa nchi nyingi.

Hatua ya 3: Weka lenzi juu ya picha

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Ukiona vitone vilivyopangika, hiyo imechapwa kiwandani. Ukiona kijivu kinachofifia taratibu bila vitone, huenda ni fotografia halisi iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya postikadi. Hizi ni hazina: unaweza kuzikuza mpaka ukasoma vibao vya maduka. Angalia pia kisanduku cha stempu, yaani mahali palipochapwa mgongoni pa kubandikia stempu. Neno AZO, ambalo ni chapa ya karatasi ya fotografia, lenye pembetatu nne zote zikielekea juu huelekeza takriban kati ya 1904 na 1918.

Rangi usiziamini. Kadi nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipakwa rangi na watu ambao hawakuwahi kufika sehemu hiyo, na mapaa yakawa mekundu kwa sababu mekundu yanauzika. Waya za umeme zilifutwa, mawingu yakaongezwa, na picha ya mchana ikageuzwa usiku kwa kupakwa buluu na kuchorwa mwezi. Mipaka ya majengo ndiyo ya kutegemea zaidi, ingawa nayo si mara zote.

Hatua ya 4: Tafuta kinachokosekana

Hapa ndipo utamu ulipo. Chukua kadi za uwanja wa San Marco, Venice. Mnara wake mkubwa wa kengele ulianguka tarehe 14 Julai 1902, na mpya uliofanana nao ukazinduliwa tarehe 25 Aprili 1912. Kadi inayoonyesha uwanja bila mnara, basi, picha yake ni ya kati ya tarehe hizo mbili, bila hata kuigeuza kadi uone mgongo wake. Ukikuta yenye mnara na muhuri wa 1906, mchapishaji alikuwa akiuza picha ya zamani. Zipo pia kadi zinazoonyesha mnara ukiwa katikati ya kuanguka. Hizo ni picha za kutengenezwa.

Fanya hivyohivyo kwa sehemu yako. Orodhesha vitu vilivyojengwa, kuungua au kubomolewa, pamoja na tarehe zake: reli za tramu, taa za barabarani, sanamu, hoteli. Kila kimoja kinabana kipindi cha picha kutoka upande mmoja.

Hatua ya 5: Tafuta aliposimama mpiga picha

Fungua ramani ya intaneti yenye picha za setilaiti. Tafuta vitu viwili vinavyopangana kwenye kadi, kimoja mbele ya kingine, kisha chora mstari kuviunganisha hadi upande wa kamera. Rudia kwa jozi nyingine. Mistari inapokutana ndipo aliposimama. Vivuli husaidia kujua saa: uso wa kanisa la San Marco unatazama magharibi, kwa hiyo ukiwa umeangazwa wote na jua, ilikuwa alasiri.

Jina likikataa kuonekana kwenye ramani, huenda lilibadilishwa. Léopoldville iliitwa Kinshasa kuanzia 1966. Saint Petersburg ikawa Petrograd mwaka 1914, Leningrad mwaka 1924, na kurudi jina la awali mwaka 1991. Jina lililochapwa nalo linakadiria umri wa kadi.

Hatua ya 6: Hifadhi na uandike

Tumia mifuko ya plastiki ya polipropilini au poliesta, si ya plastiki ya PVC, ambayo huharibu karatasi kadiri inavyozeeka. Gundi, selotepu na kulamineti ni marufuku, na stempu usiibandue.

Skani pande zote mbili. Katika daftari, ipe kila kadi namba na uandike zile tarehe tatu, kila moja na ushahidi wake. Usipokuwa na uhakika andika "kabla ya" au "baada ya", usibuni mwaka. Ushahidi mpya ukija, usifute makadirio ya mwanzo. Yapige mstari, andika mapya kando yake, na ueleze kilichokufanya ubadilishe.