Boxer 150 kwenye mchanga wa Mtwara: ununue vipi, uitunze vipi, uiendeshe vipi isikufie mapema

Haipiti wiki mtu hajaniuliza achukue pikipiki gani ya kwendea kazini na shamba, na jibu langu halibadiliki, chukua ya India cc 150, Boxer BM au TVS HLX, basi. Mimi na Boxer yangu huu mwaka wa sita, nakaa Mtwara mjini, kibarua kipo Naliendele, mikorosho ipo Nanyamba, kwahiyo lami napita, mchanga napita, na kile kimlima cha kupanda Umakondeni nacho napita. Nayoandika hapa ndo navyoishi nayo.

Kwanza ujue umenunua mashine ya namna gani. Bajaj wako Pune, TVS wako Hosur kule Tamil Nadu, na mnunuzi wa kule swali lake la kwanza ni lita moja inakwenda kilomita ngapi, sio mwendo kasi. Ndo maana injini ni silinda moja, inapozwa na upepo, haina maji ya kuvuja wala mbwembwe. Ila msidhani tunapanda kitu kilekile wanachopanda wao leo. India tangu Aprili 2019 pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 lazima iwe na ABS, yaani breki zenye kompyuta inayozuia tairi lisijifunge, na Aprili 2020 sheria yao ya moshi ikabana mpaka nyingi zikaacha kabureta zikahamia kwenye injekta, inayopuliza mafuta kwa umeme. Tunazoletewa huku nyingi bado kabureta na breki za drum. Kabureta mimi sina ugomvi nayo, fundi yeyote chini ya mwembe Mikindani anaifungua na kuipuliza ukiwa unakunywa chai. Breki ndo ukumbuke kwamba tairi likijifunga hakuna kompyuta ya kulifungua, kuna mkono wako tu na akili zako.

Kununua. Mpya haina maneno mengi, lipa, chukua risiti, hakikisha kadi inasoma jina lako. Ya mkononi ndo watu wanalia. Nenda asubuhi na usimwambie muuzaji saa ngapi unafika, ukifika weka mkono kwenye injini kabla hajagusa kitu, ikiwa ya moto ujue ameshaiwasha kukuficha namna inavyosumbua ikiwa baridi. Mwambie apige kiki, staata ya kitufe usiiamini. Moshi wa bluu maana yake inakula oili, ringi au sili za valvu zimechoka, shusha bei au ondoka. Inua tairi la mbele mtu akushikie, zungusha usukani taratibu, ukisikia inakwama katikati kama ina kishimo basi beringi za shingo zimekwisha. Halafu soma namba ya chesisi pale shingoni, Boxer inayotoka India inaanza na MD2, TVS inaanza na MD6, ukikuta inaanza na L hiyo ni ya Mchina imevalishwa tenki la Boxer, nimeiona kwa macho yangu hapahapa Mtwara. Linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu, na kama iliwahi kuwa bodaboda ya mkataba ulizia mwenye kadi ni nani hasa, maana dereva anaweza kukuuzia mali ya bosi wake. Jina libadilishwe TRA mapema, usikae na kadi ya mtu mwaka mzima.

Leseni pia, wengi hawajui, cc 125 kushuka chini ni A1, hii ya 150 unatakiwa daraja A. Bima ile ndogo kata, isiishe ukiwa unajiambia kesho kesho.

Ikiwa mpya kilomita 500 za mwanzo usiivute mpaka ilie, usipakie viroba, na usikae mwendo mmoja kutwa, badilisha giya, panda shuka. Kisha mwaga oili ya kwanza hata kama unaiona bado nzuri, ile ina unga wa vyuma vilivyokuwa vinazoeana.

Oili sasa. Weka 20W-50 ya pikipiki, kwenye kopo itafute imeandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki. Sio maringo. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, ukiweka oili ya gari yenye vitu vya kupunguza msuguano klachi inaanza kuteleza, unavuta mafuta injini inalia lakini chombo hakiendi, halafu fundi anakuuzia klachi pleti ambazo hukuzihitaji. Mimi namwaga kila kilomita 2,000 au pungufu kidogo, najua kuna wanaofika mbali zaidi, hao hawapiti mchanga ninaopita mimi.

Na mchanga wetu ndo adui namba moja, kuliko mzigo, kuliko umri. Mchanga ukikutana na grisi kwenye cheni unapata msasa, kila unavyozunguka unakata. Watu wanapaka grisi nzito ile ya beringi au oili chafu iliyomwagwa, cheni inang'aa jioni, asubuhi imejaa vumbi kama andazi lililovingirishwa kwenye sukari. Mimi nafanya hivi, jumamosi naisafisha na brashi ya meno na mafuta ya taa, nafuta na kitambaa kikavu, napaka oili ya giya kidogo kwa ndani huku nazungusha tairi, naacha usiku inywe, asubuhi nafuta iliyobaki nje. Ukaze ukiacha mchezo kama upana wa vidole viwili ukiisukuma juu chini katikati, ukiikaza kama gitaa unaua beringi na sproketi pamoja. Na sproketi ikiwa meno yamejikunja kama ndoano badilisha seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, usinunue cheni mpya peke yake, ile sproketi mbovu itaila. Hapa niliumia. Duka moja mjini waliniuzia seti wakaapa ni OG, yaani orijino, boksi zuri, stika inang'aa, miezi miwili meno yamekwisha. Sasa hivi spea naenda na ile ya zamani mkononi, napima uzito, nakwaruza kidogo na funguo, na bei ikiwa nusu ya kila mahali naweka chini naondoka.

Eafilta, kichujio cha hewa ya injini, wengi wanaisahau. Kuanzia Juni watu wako mashambani wanapuliza salfa ya unga kwenye mikorosho, ukipita njia za Tandahimba asubuhi hewa imekaa njanonjano, na yote hiyo injini inavuta. Ikiziba pikipiki inakula mafuta, inatoa moshi mweusi, haina nguvu kwenye mlima, na mtu anakimbilia kupanguapangua kabureta bure. Ya karatasi igonge, usiioshe, ikichoka nunua. Ya sponji fua na sabuni, kausha kivulini, paka oili chache uikamue. Kipindi cha salfa mimi naangalia kila wiki mbili, na pikipiki naosha kabisa maana ule unga ukikutana na unyevu unakula chuma.

Chumvi nayo haijambo. Ukikaa Shangani au Mikindani upepo wa bahari peke yake unatosha kutafuna silensa na waya za breki. Msimbati pale ufukweni watu wanapenda kukimbiza kwenye mchanga mgumu wapigwe picha, sawa, kimbiza, ila siku hiyohiyo osha kwa maji ya bomba mpaka chini ya madigadi, halafu waya zote tia oili.

Kuendesha. Kwenye mchanga mlaini usikalie mbele ukashika usukani kama unataka kuung'oa, rudi nyuma kidogo, giya ya pili, mafuta yaende sawasawa, macho mbali, usukani uache ucheze. Ukifunga mafuta ghafla au kugusa breki ya mbele, tairi la mbele linazama na wewe unalala. Upepo wa tairi mimi natia psi 25 mbele na 28 nyuma, nikiwa na abiria nyuma 32, kwenye mchanga napunguza kidogo ila nikirudi lami najaza.

Kushuka kutoka Newala naona vijana wanaweka fri wanazima injini eti wanaokoa mafuta. Njomba, drum zikipata moto hazishiki, na huna injini ya kukushikilia. Weka giya ya tatu au ya pili, injini ikubane, breki gusa-gusa. Masika ukivuka dimbwi drum zinaingia maji, ukitoka endelea na mwendo mdogo huku umebonyeza breki kidogo mpaka zikauke, usije ukagundua mbele ya fuso.

Mafuta yangu nikiwa peke yangu ni kati ya kilomita 45 na 50 kwa lita, kwenda Lindi na kurudi kama kilomita 210 lita tano zinanitosha, na tenki linabeba 11. Ya chupa vijijini ni ya dharura tu, inaweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa, ukisikia injini inagongagonga ukikaza mlima ujue umepigwa. Na ukishaweka mafuta rudisha koki kutoka RES, ile ya akiba, iende ON, mimi nilisahau siku moja, RES ikaisha nikidhani bado ninayo, nikaisukuma jua la saa saba mpaka Mnazi Mmoja, madereva wa Masasi wananipigia honi.